Mashahidi wa Ghorofa ya Saba

Dripu alifika barazani ameinua simu juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, na hata salamu hakutoa.

"Umerudi!" alisema. "Jamani, Mnara umerudi!"

Baraza yenyewe ni ya fundi cherehani. Ina benchi moja la mbao, meza ya kukatia vitambaa, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na kila Jumamosi asubuhi ina wanaume watatu ambao wake zao wanaamini wamekwenda sokoni. Dripu ni nesi wa zahanati ya mtaa, mwenye mikono laini na maneno makali. Takwimu ni karani wa ofisi ya maji. Hajawahi kusema jambo bila kutaja asilimia, na asilimia zote huzitunga papo hapo. Breki ni dereva wa lori, na sauti yake imezoea kushindana na injini, kwa hiyo hata siri huisema mpaka mtaa wa pili ukajua. Mwenye baraza anaitwa Roho Moja. Kibao kilicho juu ya mlango wake kimeandikwa kwa rangi nyekundu: FUNDI ROHO MOJA. NIKIANZA, NAMALIZA.

"Mnara upi?" aliuliza Breki. "Wa simu?"

"Wa simu nini, wewe! Mnara wa Chuma! Gemu yetu ya ukumbini. Tulieni niwasomee." Dripu akavaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akazidi kuisogeza mpaka mkono ukaisha. "'Baada ya miaka ishirini na sita, watengenezaji wameirudisha gemu iliyowaliza watu wazima. Ugumu haukupunguzwa hata kidogo. Ghorofa ni saba, roho ni tatu. Mchezaji akiishiwa roho, anaanza chini.'"

Takwimu alivua kofia, akaiweka kifuani.

"Hatimaye dunia imepata akili," alisema Breki. "Miaka yote hii wametulisha uji. Gemu za siku hizi ukitaka kufa, mpaka uandike barua."

"Asilimia tisini na mbili ya gemu za leo zina mshale," alisema Takwimu. "Mshale unakuonyesha njia. Ukipotea, unarudi kukuchukua."

"Mimi nilicheza moja kwa shemeji yangu," Dripu alidakia. "Nikafungua mlango. Mlango tu, tena ulikuwa umerudishiwa! Gemu ikanipigia makofi na kunipa nishani. Nikajiuliza, hivi hawa wananionaje? Nina wagonjwa wanamaliza sindano ishirini na moja na sijampigia makofi hata mmoja."

"Na ukianguka shimoni?"

"Unaokotwa! Unawekwa pale pale ulipokuwa, nguo safi, afya tele!"

"Sisi tulikuwa tukifa, tunakufa."

"Tunakufa haswa!"

"Kufa kulikuwa na heshima yake, bwana. Vijana wa leo hawawezi kufa. Wamelelewa na mshale."

Wakati huohuo mfuko wa shati la Takwimu ukaimba kwa sauti nyembamba ya kitoto: "Hongera! Umepata nanasi la dhahabu!"

Wote wakamgeukia. Takwimu akaubana mfuko kwa kiganja.

"Hiyo ni simu ya mke wangu," alisema.

"Mkeo yuko hatua ya ngapi?" aliuliza Dripu.

"Mia nne na kumi," alijibu Takwimu, halafu akainamisha kichwa. "Jamani, inanituliza. Ofisi ya maji ina mambo mengi."

Walicheka mpaka Breki akashika kiuno. Roho Moja peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia kola ya shati la sare, anasukuma kitambaa chini ya sindano, na mguu wake kwenye kanyagio ulikuwa umepunguza mwendo tangu aliposikia neno Mnara. Uzi ulikuwa umekwenda upande, akaona, akaendelea kushona hivyo hivyo.

"Mbona bwana mkubwa yuko kimya?" Breki alisema. "Mwenye gemu yake ni huyu! Sisi wengine tulikuwa abiria. Mtaa mzima huu, aliyeumaliza Mnara ni mmoja tu."

"Tuliache hilo," alisema Roho Moja. "Ni zamani."

"Tuliache vipi? Nilikuwepo! Nimesimama nyuma yako hivi, bega la kulia. Jasho lako lilinirukia."

"Mimi nilikuwa kushoto," alisema Dripu. "Nilikushika mapigo ya moyo. Wakati ule hata unesi sijasomea, lakini nilijua hali ni mbaya."

"Na mimi nilikuwa nahesabu," alisema Takwimu. "Afya ya yule mlinzi wa ghorofa ya saba ilibaki asilimia nne. Yako ilibaki mbili. Roho moja! Nikasema, hapa ama zake ama zetu."

Ule ukumbi wa gemu, ambao sasa ni duka la magodoro, ulikuwa chumba cha hatua nne kwa tano. Runinga ilikuwa moja, viti vilikuwa vinne, na mlango ulifunguka kwa ndani ukigonga kiti cha nne. Lakini watu waliokuwemo siku Roho Moja alipomaliza Mnara wamekuwa wakiongezeka mwaka hadi mwaka. Kwenye harusi ya Dripu hesabu yao ilifika thelathini. Juzi hapa kinyozi mmoja aliyehamia mtaani miaka sita iliyopita alisema naye alikuwepo, ila alikaa nyuma.

Ukweli Roho Moja aliujua peke yake, na ulikuwa mdogo kuliko kifungo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwenye ukumbi alikwenda kununua mikate, akamwachia ufunguo. Akapanda ghorofa zote sita mwenyewe, na kweli akafika ya saba akiwa na roho moja. Mlinzi wa saba akampiga dafrao moja, kwisha habari. Alipotoka nje, amelowa jasho, vijana waliokaa ngazini wakamuuliza, "Vipi, umemaliza?" Naye kwa uchovu, na kwa utamu wa macho yale yaliyomtazama, akatikisa kichwa kukubali. Wakamuuliza alibaki na roho ngapi. Akainua kidole kimoja. Hakusema neno hata moja, na kwa miaka ishirini na sita amejitetea kwamba kichwa na kidole haviwezi kushtakiwa kwa uongo.

Kesho yake alikuwa na jina. Mwaka uliofuata akaliandika juu ya mlango. Wateja waliamini kwamba mtu aliyemaliza Mnara hawezi kushindwa na suruali, na yeye kwa kuwaogopa akawa fundi pekee mtaani anayetoa nguo siku aliyoahidi. Ukimwondolea jina hilo, hakujua anabaki na nini zaidi ya futi kamba shingoni.

"Mjomba!"

Wote wakageuka. Kwenye mlango wa pili alisimama mpwa wake, binti wa dada yake, anayepaka watu rangi za kucha kwenye chumba kilichopakana na cha fundi. Mtaa unamwita Kucha. Alikuwa amebeba runinga ndogo ya saluni kifuani, na pedi ya kuchezea inaning'inia kwenye kidole chake, waya unaburuta.

"Nimewasikia tangu mlipoanza," alisema. "Mnara ninao. Nimeununua juzi, siku ulipotoka."

"Unao!" Breki alinyanyuka. "Mwanangu, mbona hukusema?"

"Naona aibu, mjomba Breki. Nimekufa mara mia mbili na kumi na nne. Naziandika kwenye daftari la wateja."

"Mia mbili!" alisema Dripu. "Umefika ghorofa ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Benchi lilitoa mguno wa pamoja, mguno wa wazee wanaoombolezea kizazi.

"Lakini siachi," alisema Kucha, akiipachika runinga juu ya meza ya kukatia, katikati ya mabaki ya vitambaa. "Zile gemu za makofi nilizimaliza zote, na nikimaliza sijui hata nimefanya nini. Mtu anachoka kusifiwa bure. Hii ikinipiga, najua nimepigwa. Na kila nikitaka kuitupa pedi ukutani, najiambia, mjomba wangu aliumaliza, damu yake ninayo." Alimtazama Roho Moja kwa macho yasiyo na shaka yoyote. "Mjomba, nionyeshe tu yule wa kwanza wa nyundo unampitaje."

Roho Moja alirudisha macho kwenye kola. Wengine wote angeweza kuwapiga chenga mpaka kaburini, lakini huyu aliamini kweli, na kwa kuamini alikuwa amekufa mara mia mbili na kumi na nne.

"Nina sare ya kumaliza," alisema.

"Sare itakungoja. Kwanza tupashe moto," alisema Breki, akainyakua pedi. "Sogeeni, mpisheni mwenye leseni kubwa."

Breki alicheza sekunde kumi na moja. Hakukutana na adui. Mbele ya mlango wa Mnara pana shimo, na shimo hilo watengenezaji wamelichora wazi kabisa, na taa pembeni. Aliingia humo mara tatu mfululizo, roho tatu, bila kupunguza mwendo.

"Breki haikushika," alisema Dripu.

"Hiki kitufe si cha kurukia! Zamani kurukia kulikuwa hapa!"

"Zamani na wewe ulikuwa na kilo sitini. Lete."

Dripu alivuka shimo, watu wakashangilia, akasimama kushukuru. Alipogeuka, yule wa nyundo alishamtwanga. Roho ya pili alimsogelea taratibu kwa ubavu, anavyowasogelea wagonjwa waoga, akatwangwa. Ya tatu alikuwa bado anafuta miwani. Akasema jua linawaka kwenye kioo. Baraza ina paa.

Takwimu aliomba aanze kwa kusoma maelezo. Alisoma dakika saba, akatangaza kwamba kwa mahesabu yake nafasi ya kushinda ni asilimia thelathini na nane, kisha akajaribu kumpanga yule wa nyundo kwa kidole juu ya kioo kama nanasi.

"Pedi, Takwimu! Shika pedi!"

"Hee! Haiguswi?"

"Hao ndio mashujaa wa zamani," alisema Kucha, ameshika mbavu kwa kicheko. "Kizazi kilichokuwa kikifa kwa heshima."

"Tumeshika kutu tu, mwanangu," alisema Breki bila haya. "Lakini chuma ni chuma. Mpe mwenyewe."

Wakampa mwenyewe. Wakamtoa kwenye cherehani wakimshika makwapa, wakamkalisha kwenye kigoda, na pedi ikawekwa mikononi mwake. Roho Moja aliitazama. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano, lakini vilipogusa vitufe vilijipanga vyenyewe.

Akavuka shimo. Yule wa nyundo aliponyanyua mkono, Roho Moja alihesabu mbili, akapita chini ya kwapa lake, akamkata mgongoni. Tena. Na tena. Mlinzi akapiga magoti.

"Aaah!" Kucha alipiga kelele. "Mbili! Unahesabu mbili! Mimi nilikuwa nahesabu tatu!"

"Si nilisema?" Breki aliunguruma. "Si nilisema?"

Ghorofa ya pili akapita. Ya tatu ikala roho moja. Ya nne akapita kwa kubahatisha, na miguu yake chini ya kigoda ilikuwa ikikanyaga kanyagio lisilokuwepo. Ya tano ikala roho ya pili. Juu ya kioo ikabaki alama moja nyekundu.

"Roho moja!" benchi lilipasuka. "Hapo ndipo anapoanza!"

Kucha alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono kinywani, na Roho Moja alipomtupia jicho aliona machozi yamemlenga. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Mkasi ukaanguka kutoka mezani.

"Sikumaliza," alisema.

"Hujamaliza, ndiyo," alisema Dripu. "Endelea."

"Nasema zamani. Ile siku. Sikuumaliza Mnara. Nilifika ghorofa ya saba, nikapigwa dafrao moja, nikatoka nje. Waliponiuliza nikatikisa kichwa. Nimetikisa kichwa miaka ishirini na sita, shingo imechoka. Mwanangu, nisamehe. Ulikuwa unaumia kwa jambo ambalo halikuwepo." Akaiweka pedi juu ya goti, naye akajiona mwepesi, na akaona aibu, vyote kwa pamoja.

Alingoja wamcheke. Alingoja wamzomee, wapande ngazi wakakibandue kibao. Badala yake Breki alisimama, uso umemvimba.

"Ulimaliza," alisema.

"Breki, nakwambia..."

"Huniambii kitu! Nilikuwepo!"

"Hukuwepo. Hakukuwa na mtu. Ukumbi ulikuwa mtupu, mwenyewe alikwenda kununua mikate."

"Yaani unataka kuniambia mimi sikuwepo? Mimi? Wakwe zangu niliwasimulia hii habari siku ya posa, baba mkwe akasema kijana aliyeshuhudia jambo kama hilo ni mtu wa maana. Nina watoto watano kwenye ndoa ile! Unataka niwaambie nini?"

"Hii ni homa," alisema Dripu, na tayari alikuwa amemshika kifundo cha mkono anahesabu. "Presha imepanda, mtu anaweweseka. Hata wagonjwa wangu wa sindano nawaambia, jikazeni, nilimwona mtu kwa macho yangu akiwa na roho moja. Wanapona! Wewe unataka kunirudishia watu zahanati?"

"Asilimia mia moja," alisema Takwimu, "ya mashahidi waliopo hapa wanasema ulimaliza. Anayepinga ni mmoja. Tena mwenye maslahi."

"Mwenye maslahi ndiye mimi niliyecheza!"

"Ndiyo maana! Wewe ulikuwa umekaza macho kwenye kioo, ungeonaje? Sisi tulikuwa tunatazama."

Kucha alikuwa bado amepiga magoti. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia mjomba wake.

"Ghorofa ya saba ulifika kweli?"

"Nilifika. Hapo sikudanganyi."

"Peke yako, na roho moja?"

"Peke yangu."

"Mbona hiyo inanitosha kabisa, mjomba," alisema. "Mimi shida yangu ilikuwa kuhesabu tatu." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye kucha za rangi tano tofauti, na Roho Moja alitamani kumkumbatia pale pale mbele ya watu, ila hakujua pedi aiweke wapi. Kisha binti akaligeukia benchi. "Basi niambieni nyinyi mashahidi. Mnara unaishaje?"

Watatu wakatazamana.

"Mlango unafunguka," Breki alianza, "anatoka farasi mweupe..."

"Farasi gani?" alisema Dripu. "Anatoka mama yake. Wanakumbatiana. Mimi nililia."

"Hakuna mtu anayetoka," alisema Takwimu. "Yanatoka maandishi. Majina ya watengenezaji, mia moja na kumi na mawili."

"Wewe ulikuwa chumba kilekile tulichokuwa sisi?"

"Nilikuwa karibu kuliko wewe!"

"Farasi yule nilimwona kwa macho yangu haya, tena alipiga kwato, na jirani yangu pale akasema, tazama farasi!"

"Jirani yako nani?"

"Kinyozi!"

Wakasimama wote watatu, vidole vikipishana puani, jirani mmoja akachungulia dirishani akidhani watu wanapigana. Kucha aliinua mikono.

"Basi, wajomba zangu! Farasi, mama, maandishi. Nani anasema kweli?"

"Unatuuliza sisi ya nini?" alifoka Breki, na mkono wake mzima ukanyooka kwenye kigoda. "Si umuulize mjomba wako, ndiye aliyemaliza!"

"Swadakta!" alisema Dripu. "Muulizeni mwenyewe."

"Mwenyewe yupo, tunabishana nini?" alisema Takwimu.

Roho Moja alimtazama mpwa wake. Binti aling'ata mdomo kuzuia kicheko, akainua mabega, akatikisa kichwa taratibu kukubali. Fundi akavuta pumzi, akakohoa.

"Haya," alisema. "Yule wa saba alipoanguka, kwanza taa zote zikazima..."

Na wote watatu wakarudi kwenye benchi haraka, wakabanana, wakasogeza masikio mbele, wasikie walichokishuhudia.